Baiskeli ya Mwalimu Breki

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Mwalimu Breki alitoka uani na kaptula yake ya kulalia, akachuchumaa kando ya baiskeli na kuzibonyeza tairi kwa kidole gumba, ya mbele kisha ya nyuma, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akiridhika aliguna. Asiporidhika aliguna vilevile, ila kwa sauti nzito zaidi, na mkewe jikoni akajua kwamba leo pampu itatafutwa, na pampu ikitafutwa nyumba nzima itapekuliwa mpaka chini ya godoro la watoto.

Baada ya hapo ndipo alipokaa mezani, na hapo mezani ndipo ugonjwa wake ulipojitokeza. Mkewe akimimina chai kwa kasi, mguu wa kulia wa Mwalimu ulinyooka wenyewe chini ya meza na kukanyaga sakafu, pu! Mtoto akikimbia na sahani, pu! Paka akikatiza mlangoni, pu! Saruji ya pale chini ya kiti chake ilikuwa imeanza kuingia kishimo.

"Baba Watoto, chai haina breki," mkewe alimwambia.

"Ingekuwa nayo isingemwagika," alijibu, huku akifuta kitambaa cha meza.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Kwa miaka mingi alikuwa amekalia kiti cha kushoto, upande wa mwalimu, mahali ambapo hakuna usukani wala gia. Kuna breki moja ya ziada na roho yako mkononi. Alikuwa ameona ya kuona. Wanafunzi wake walishampeleka mtaroni, walishampeleka kwenye kibanda cha muuza magazeti, na siku moja walimwingiza kwenye harusi ya watu asiowajua, hadi karibu na keki. Ndiyo maana mguu wake haukumwamini mtu tena, na ndiyo maana jina lake halisi lilishasahaulika.

Watu walimshangaa: mwalimu wa gari, lakini kazini anakuja na baiskeli! Yeye hakuona ajabu yoyote. Kwenye baiskeli breki zote mbili ziko mikononi mwake, usukani ni wake, na hakuna mtu pembeni anayemuuliza, "Mwalimu, klachi ni ipi tena?" Ile safari ya nyumbani hadi kazini ndiyo ilikuwa likizo yake. Alipita vichochoroni akipiga mluzi, tai imetupwa begani isinase, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo.

Jioni alipitia sokoni, kwa sababu mkewe alikuwa msusi na saluni haifungwi mapema. Kabichi alilifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu. Nyanya zilikaa kwenye kikapu cha mbele.

"Mwalimu!" muuza nyanya alimtania mbele za watu. "Kabichi limefungwa mkanda, nyanya zangu je? Hazina roho?"

"Nyanya zinakaa mbele na dereva, mama. Nataka nizione."

"Haya, usipite nazo kwenye taa nyekundu!"

Soko zima likacheka, naye akaondoka akipiga kengele, bila haraka, kama bwana harusi.

Waliokuwa hawacheki ni wawili. Wa kwanza ni mkewe, ambaye wateja pale saluni walimchokonoa kila siku huku vichwa vyao vikiwa mikononi mwake. Alirudi nyumbani amefura. "Unafundisha watu kuogelea," alimwambia, "halafu mwenyewe unaogea kwenye karai. Mimi niseme nini kwa watu?"

"Sema karai ni letu."

Wa pili ni Bosi, mwenye shule. Bosi alikuwa mtu wa funguo. Alizining'iniza kiunoni kama mkungu wa ndizi, hata akipiga chafya ofisi nzima inalia chwa-chwa-chwa.

"Mwalimu, mtu anakuja hapa kujiandikisha," Bosi alilalamika, "anakukuta unatoa vibanio kwenye suruali. Unadhani atafikiri nini?"

"Atafikiri nimekuja na baiskeli, Bosi."

Bosi akamtazama aone kama ni dharau. Haikuwa dharau. Hapo ndipo palipomuudhi zaidi.

Hata hivyo angevumilia, maana wanafunzi wa Mwalimu walikuwa wakifaulu. Kilichoharibu mambo ni Mama Cherehani.

Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, mnene, mcheshi, na mguu wake ulikuwa haujui kukanyaga kitu kikakaa. Tangu usichana wake alikuwa akichochea cherehani, juu chini, juu chini, na alipopewa kanyagio la mafuta akalichochea hivyo hivyo. Gari likaenda kwa kurukaruka kama chura mwenye haraka.

"Mama, kanyaga, halafu ukae hapo hapo!"

"Nikikaa hapo hapo si uzi utakatika?"

"Hakuna uzi, mama! Breki! Breki!" Pu!

Akifika njia panda, mkono wake wa kulia uliacha usukani na kupapasa hewani, kutafuta gurudumu la cherehani alizungushe. Mwalimu alifundisha kwa upole, kwa ukali, kwa kuimba. Mtihani wa kwanza, Mama Cherehani alimrusha mtahini mpaka kofia ikagota paa. Wa pili, mtahini alipomwona tu akasema anajisikia homa.

Jioni moja baada ya somo alishuka amelowa jasho, akaiona baiskeli imeegeshwa ukutani.

"Hiyo nayo ni ya kuchochea?"

"Ni ya kuchochea tupu, mama."

"Hebu nipishe."

Akakusanya gauni lake, akapanda. Aliyumba kidogo, Mwalimu akishika keria kwa nyuma, halafu ghafla Mwalimu akajikuta ameshika hewa. Ile miguu iliyoitesa injini ikatulia yenyewe kwenye mwendo wake, juu chini, juu chini, laini kama anashona mapazia. Akauzunguka uwanja wa shule mpaka wanafunzi waliokuwa darasani wakaacha alama za barabarani na kutoka kushangilia. Mwalimu naye alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, na Bosi alikuwa dirishani.

Kesho yake asubuhi Mama Cherehani aliingia ofisini na kumpa Bosi mkono kwa heshima zote.

"Bosi, mimi nimemaliza. Nimejipatia baiskeli, sasa nguo za wateja nawapelekea mwenyewe. Nakushukuru sana. Bila shule yako ya gari nisingejua kama naweza baiskeli."

Alipotoka, funguo zililia kabla Bosi hajafungua kinywa.

"Mwalimu Breki! Njoo hapa. Kuanzia Jumatatu unakuja na gari la shule. Utalala nalo nyumbani, utaenda nalo sokoni, lile bango la juu watu walione. Na hiyo baiskeli inabaki stoo. Nikikuona juu yake tena, kazi huna."

"Hata jioni?"

"Hata ndotoni."

Mwalimu alikuwa na watoto wanaokua kila wakilala, na hakuna kazi nyingine aliyoijua duniani. Aliisukuma baiskeli mwenyewe mpaka stoo, akailaza taratibu juu ya tairi mbovu, akatoa kikapu chake, kisha akakirudisha. Bosi akafunga. Ufunguo ukaingia kwenye mkungu na kupotelea humo.

Nyumbani, mkewe alipiga vigelegele peke yake. Jumatatu alivaa viatu vyake vya kutokea, akaketi kiti cha nyuma kama mke wa waziri, mkoba magotini. Mwalimu akafungua mlango, akakaa, akafunga mkanda, akakunja mikono. Wakakaa. Jirani aliyekuwa akifagia akaacha kufagia.

"Baba Watoto, tunamsubiri nani?"

"Dereva," alisema Mwalimu. Kisha akatazama mbele yake, hakuna usukani. Alikuwa amekaa kushoto. Akashuka, akazunguka kwa nyuma ili jirani asimwone uso.

Kuendesha aliendesha, tena kwa sheria zote, hata zile ambazo aliyezitunga alishazisahau. Kila njia panda alisimama, akatazama kulia, kushoto, na kulia tena, na alipomaliza tayari kulikuwa na jipya la kutazama. Aliwasha indiketa kukwepa dimbwi. Mkokoteni wa magunia uliwapita, na mwenye mkokoteni akawapungia. Mkewe akaanza kuteremka kwenye kiti, kidogo kidogo, mpaka kutoka nje ukaona nywele tu.

"Nishushe hapa, saluni ile pale."

"Hapa haparuhusiwi kusimama."

"Baba Watoto, tunaipita!"

"Naona. Lakini haparuhusiwi."

Alimshusha mbali kiasi kwamba alirudi kwa miguu, na vile viatu vya kutokea vilikuwa vya kutokea tu, si vya kutembelea.

Sokoni ndiko kulikuwa kizaazaa. Baiskeli alizoea kuiegemeza kwenye meza ya nyanya. Gari utaliegemeza wapi? Nafasi hakuna. Akawa analizunguka soko. Mzunguko wa kwanza akachungulia dirishani: "Mama, nyanya zikoje leo?" Jibu alilipata mzunguko wa pili. Mzunguko wa tatu akaomba apunguziwe. Wa nne muuza nyanya akamfuata mbio kando ya gari, mfuko mkononi.

"Mwalimu, simama basi!"

"Haparuhusiwi! Nirushie!"

Vijana wa sokoni walipoona hivyo wakafurahi kupita kiasi. Kila aliyekuwa na kitunguu alikirusha, aliyekuwa na limau alilirusha, na kila kitu kilipoingia dirishani mguu wa Mwalimu ulikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magari ya nyuma yakalia honi kama yamefiwa. Mfuko ukapasuka, nyanya zikabingirika chini ya kanyagio, na gari la shule lenye bango la UDEREVA WA UHAKIKA likazimika katikati ya barabara, dereva ameinama chini akitafuta nyanya kwa mikono miwili.

Siku zilizofuata aliacha kupitia sokoni, nyumbani wakala vikavu. Kazini alichelewa kila siku, maana gari haliwezi vichochoro. Mluzi uliisha. Mkewe, ambaye sasa wateja walimcheka kwa sababu mpya, alimwona jioni moja amekaa kwenye ngazi, mikono mitupu.

"Kwani Bosi hawezi kukurudishia?"

"Amesema nikiipanda, kazi sina."

"Mimi nilitaka gari," mkewe alisema, "sikutaka hivi." Akaingia ndani.

Ijumaa Mwalimu alifika akiwa amechelewa tena. Mwanafunzi mpya, karani wa posta mwenye miwani minene, alikuwa akimngoja langoni. Mwalimu akampisha kwenye usukani, akafunga milango, na alipogeuka kwenda kuketi upande wake, akaona watu wamekusanyika mbele ya ofisi wakitazama juu.

Baiskeli yake ilikuwa ukutani, juu ya mlango. Imening'inizwa kwa waya uliopitishwa kwenye magurudumu na kukazwa kwa koleo. Kikapu kimejazwa maua ya plastiki. Chini yake kibao kipya, rangi bado inanuka: UMECHOKA NA HII? INGIA NDANI.

Bosi alikuwa chini, mikono kiunoni, anang'aa. "Unaonaje, Mwalimu? Wazo langu mwenyewe. Tangu asubuhi wameshaingia watatu!"

Mwalimu alitazama jinsi waya ulivyozama kwenye mpira wa tairi ya mbele.

"Bosi, naomba iteremshwe."

"Itakaa. Ni tangazo sasa."

"Ulisema itakaa stoo. Ni yangu."

"Sikiliza," Bosi alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Ukiiteremsha, ufunguo wa gari weka mezani. Na usirudi kesho kuniambia watoto wana njaa."

Mwalimu alisimama pale muda, tai yake imekaa sawasawa kifuani, kama mtu aliye njia panda. Kisha akaenda nyuma ya ofisi, akarudi na ngazi.

Alipanda bila pupa. Waya aliukunjua kidogo kidogo kwa vidole, na tairi ya mbele ilipoachiwa ikatoa pumzi ndefu, fyuuu, ikalala. Akaiteremsha baiskeli begani, maua ya plastiki akayakusanya vizuri na kumpa Bosi, ambaye aliyapokea kabla hajajua anapokea nini. Ngazi akairudisha ilikokuwa. Akaingia ofisini, ufunguo wa gari ukasikika ukitua juu ya meza, akatoka.

"Mwalimu!" Bosi aliita, maua mkononi. "Mwalimu, huwezi kuondoka! Kuna mwanafunzi ndani ya gari!"

"Gari sijaliacha linanguruma," Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Breki ya mkono nimevuta. Mwambie asiguse kitu."

Yule karani wa posta, ndani ya gari, alinyanyua mikono yote miwili juu.

Baiskeli haikupandika, kwa hiyo aliikokota. Alipita langoni, akangoja lori lipite, akavuka na kushika kichochoro cha kwenda sokoni. Bosi alisimama akitegemea atageuka pale kwenye kona, maana watu wengi hugeuka kwenye kona. Hakugeuka. Baada ya Ijumaa ile hawakumwona tena pale shuleni.