Mlango wa katikati ya ramani

Saa mbili asubuhi, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, mwanamke mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja anasimama mbele ya mlango wa bati na kuugusa kwa kiganja. Habishi hodi. Anaugusa tu, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha anatazama simu yake na kubonyeza mara moja.

"Huyu yupo," anasema. "Twende kwa mwingine."

Nyuma ya bati hilo kuna fundi cherehani anayetangaza sare za shule kwenye tovuti yake. Kuanzia sasa, atakayeitafuta tovuti hiyo ataiona kwenye ramani kama nukta ndogo ya kijani, na akiifuata nukta atafika hapa hapa, penye kutu na harufu ya mafuta ya cherehani.

Hiyo ndiyo kazi ya Mama Nukta, jina ambalo siku hizi hata mumewe hulitumia. Anaendesha saraka, yaani orodha, ya tovuti, lakini si kama zile zinazozipanga kwa herufi. Yake huzipanga kwa mahali. Unafungua ramani, unasogea hadi mtaa unaoutaka, na unaona ni nani pale mwenye tovuti: kinyozi, mwalimu wa hesabu, muuza vifaranga.

Ofisi yake ni chumba cha nyuma ya kibanda cha mumewe, ambaye ni fundi viatu. Ndani kuna kompyuta mbili, moja nzima na nyingine ya kung'olewa vipuri, na kila kitu kinanuka gundi. Ana tovuti zaidi ya elfu tatu. Wenye biashara wachache hulipa ada ya mwaka ili nukta zao zionekane kubwa kidogo, na mapato hayo, anasema, yanatosha kodi, umeme na intaneti, "na mboga, siku ambazo mboga haikupanda bei."

"Yeye anatafuta watu walipo," anadakia mumewe bila kuinua macho kwenye soli. "Mimi nikitazama kiatu najua mtu alikotoka. Kati yetu wawili hakuna wa kujificha."

Wote wawili wanacheka. Lakini ukimuuliza Mama Nukta kwa nini lazima auguse kila mlango kwanza, kicheko kinamwisha. Anavuta kiti, anafuta vumbi lisilokuwepo, ndipo anaanza.

Zamani hakuwa akigusa mlango wa mtu. Watu walimtumia anwani, naye akazichapa, mambo yakaisha. Tabu ilikuwa kwa wasio na anwani.

"Mtu anakwambia, mimi sina duka, nipo mtandaoni tu. Sasa programu haikubali. Inataka mahali. Ukiacha patupu inakugomea. Basi nikawa nabonyeza katikati ya ramani, pale pale katikati, najisemea nitarekebisha kesho."

Hiyo kesho tunaijua sote. Nukta zisizo na kwao zikaongezeka pale katikati, mia, kisha mia mbili na ushei, zikalaliana hadi zikaonekana kama moja. Kwenye picha ya ramani palikuwa na miti kidogo na doa la kijivu. Mama Nukta alidhani ni jiwe.

Lilikuwa paa.

Alikuja kujua siku alipopigiwa simu na mtu aliyekuwa akitafuta fundi wa friji. Mtu huyo alianza kwa ukali, halafu sauti ikamshuka. "Mama, umenipeleka kwa kikongwe asiyeona," alisema. "Kaniuliza kama nimekula. Nilipomtajia jina langu, akalia."

Mama Nukta alifunga kompyuta, akapanda basi, akashuka kituo cha mwisho na kufuata ramani yake mwenyewe. Anakumbuka ukimya wa pale, na anakumbuka njia. Ilikuwa pana, imekanyagwa na miguu mingi hadi majani yakafa, kama njia iendayo sokoni. Ikafika kwenye nyumba moja na kuishia hapo.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya kikongwe ikatoka ndani: "Karibu. Na wewe unamtafuta nani?"

Bibi wa nyumba ile anaishi peke yake. Kitinda mimba wake aliondoka zamani, akiwa kijana, kwenda kutafuta kazi. Alimwambia mama yake asifunge mlango, kwa kuwa siku atakayorudi hataki kusimama nje kama mgeni. Hakurudi wala hakuleta habari. Macho ya bibi yalififia polepole, lakini komeo la mlango ule hajawahi kuligusa.

"Walianza mmoja mmoja," bibi alimweleza. "Wa kwanza alitaka picha za harusi. Nikamwambia, mwanangu, hapa pana harusi gani? Halafu wakazidi. Huyu anataka mwalimu, huyu anataka dawa ya mende. Nikasema labda mimi nimeshakufa, na hawa ni wenzangu, hawajui pa kwenda."

Alicheka kidogo, anasema Mama Nukta. Kisha bibi akasema neno lililomkaa Mama Nukta moyoni. "Ila kila hodi, binti yangu, nilisema ndiye."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Mama Nukta, na machozi yanamlengalenga. "Mia mbili na ushei. Kila mmoja wao mimi ndiye niliyemtuma."

Siku hiyo hiyo alizifuta zote pale katikati. Kwa kuwa hakuwa na pa kuzipeleka, alizihamishia mlangoni kwake, kwenye kibanda cha viatu, mpaka atakapozipatia kwao. Aliyekoroga na anywe, alijiambia. Wageni wakaanza kumiminika hapo, wakiulizia mafundi saa na wapishi, na fundi viatu hakulalamika hata kidogo. Wengi waliofuata nukta wakakosa walichotaka waliondoka angalau wameshonewa viatu.

Baada ya wiki chache, Mama Nukta alirudi kwa bibi na kilo mbili za sukari. Alitarajia shukrani. Alimkuta bibi amekaa kizingitini, uso ameuelekeza njiani, ambako majani yalikuwa yameanza kuota tena.

"Umenichukulia na yule," bibi alisema.

"Yupi, bibi?"

"Yule asiyetafuta kitu."

Kati ya wageni wote, bibi alieleza, alikuwapo mmoja aliyekuwa akija jua likishaanza kuinama. Alisema hodi kwa sauti ya chini. Bibi akijibu karibu, hakuingia wala kutaja shida yake. Alisimama tu mlangoni akipumua, kisha akaenda zake. Wengine wote waliuliza jambo. Yeye hakuuliza, na tangu nukta zilipofutwa, hakuja tena.

Mama Nukta anasema alikuwa akimjua mtu huyo. Wiki nzima iliyotangulia, alasiri, akiwa peke yake chumba cha nyuma, alikuwa akisikia hodi ya chini. Alijibu karibu, na hakuna aliyeingia. Alipotoka kumuuliza mumewe ni nani aliyepita, mumewe alimshangaa. Kibanda kina mlango mmoja tu, na yeye ndiye aliyekaa mlangoni.

"Mimi hodi niliisikia," fundi viatu anakiri, na safari hii ameiweka nyundo chini. "Nikadhani ni redio. Halafu nikakumbuka hatuna redio."

Mwandishi wa makala haya, ambaye hupenda kujiita mtu wa akili timamu, aligeuka kutazama mlango. Alimuuliza Mama Nukta kama anaamini mizimu.

"Mimi naamini ramani," alijibu. "Yule alifika kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyehamisha nukta. Alikokuwa akienda si kwangu."

Kurudisha uongo katikati ya ramani hakuweza. Lakini ukweli aliweza kuuweka. Alimtengenezea bibi tovuti yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja, isiyouza chochote. Ina picha ya mlango ulio wazi, na ukibonyeza picha unasikia sauti ya bibi ikisema: "Karibu, mwanangu. Hakujafungwa." Kisha Mama Nukta akaenda, akaugusa mlango ule kwa kiganja, na kuweka nukta. Ndiyo ya kwanza pale katikati iliyo na kwao kweli. Tangu hapo hajaweka nyingine bila kugusa mlango.

Hakumtangazia mtu. Hata mumewe hakuwa amemwambia. Hata hivyo jioni ile ukurasa ulikuwa umefunguliwa, na ile sauti ilikuwa imebonyezwa tena na tena. Alipozima kompyuta akidhani imeharibika, simu yake ilimwonyesha kuwa inabonyezwa bado. Kesho yake, hodi ya chumba cha nyuma haikusikika, wala haijasikika tena.

Mipango anayo. Anataka kupata watu wawili wa kumsaidia kutembea, waguse milango mpaka pasibaki nukta hata moja isiyo na kwao. Alikuwa akieleza jinsi atakavyowalipa pale simu yake ilipoita. Aliitazama, akaiweka mezani na kufungua spika.

"Binti yangu," sauti ya bibi ilisema, chini kwa chini, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. "Amekuja."

"Amesema nini, bibi?"

"Hajasema. Yupo hapo hapo mlangoni. Lakini leo kavua viatu."

Simu ikakatika. Kule mbele, fundi viatu aliinua macho. "Mtu akivua viatu," alisema taratibu, "basi amefika."

Mama Nukta alikuwa ameshauchukua mwavuli wake. Mwandishi alimuuliza anakwenda kufanya nini.

"Kuugusa mlango," alisema, akijifunga mtandio. "Namwomba Mungu niukute umefungwa kwa ndani, aliyengojwa ameshaingia."