Nilivyookolewa kwa Barua Pepe

Nimeingia katika Ukristo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na siku chache tu duniani: bibi yangu alinibeba kwenye ukungu wa Uluguru hadi kanisa la misheni, padri akanimwagia maji ya baridi, nikalia kama inavyotakiwa. Mara ya pili nilikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na niliingizwa kwa barua pepe. Mara hiyo sikulia, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Walioniingiza walikuwa mume na mke, wamisionari kutoka nchi ya baridi, waliopanga nyumba jirani na yangu hapa Mafiga, mjini Morogoro. Walikuwa watu wapole, wembamba, wenye viatu vya kupandia milima hata wanapokwenda dukani kununua chumvi. Waliposikia kwamba nilifundisha Kiingereza miaka mingi, wakaniomba niwafundishe Kiswahili, asubuhi nne kwa wiki, kwenye meza yangu ya chakula. Siku ya kwanza kabisa yule mume alinieleza kilichowaleta.

"Tunataka watu wakutane majumbani," aliniambia kwa Kiingereza, ameinamia meza kama mtu anayetoa siri. "Majirani kwa majirani. Wasome Biblia, waombe, wale pamoja. Bila jengo, bila mchungaji."

Nilimtazama vizuri nione kama anatania. Mimi tangu usichana niko kwenye jumuiya ndogondogo. Kila Jumamosi asubuhi sisi Wakatoliki wa mtaa tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Injili, tunaombea wagonjwa, na mwenye nyumba akiwa na moyo mzuri tunapata uji.

"Wazo zuri," nikamwambia. "Mmelitoa wapi?"

"Katika Matendo ya Mitume."

Nikafurahi kusikia kwamba kitabu hicho kimefika na kwao.

Mkewe alikuwa na sikio jepesi. Baada ya miezi minne aliweza kubishana na wauza mboga wanaoshuka mlimani na karoti na kabichi zao. Mumewe alikuwa na haraka ya kuhubiri. Aliwapita wazee barabarani akiwaambia "Marahaba!" kabla hawajafungua mdomo, nao wakabaki wanajiuliza ni lini walimwamkia. Na mahubiri yake ya kwanza, aliyoyaandika mwenyewe bila kunionyesha, yalianza kwa kutangaza kwamba Yesu alikufa kwa ajali yetu. Mzee mmoja, mstaafu wa reli aliyekulia Kisaki, akauliza kwa huruma kabisa ilikuwa ajali ya gari au ya pikipiki.

Mahubiri hayo aliyatoa nyumbani kwangu, na ni vizuri nieleze yalifikaje huko. Mpango ulikuwa kanisa lianzie kwao. Walioka keki, wakapanga viti kwenye duara, wakasubiri majirani. Lakini nyumba yao ilikuwa na geti la chuma, na kwenye geti mwenye nyumba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba ndani kuna mbwa mkali. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na maandishi tu, nayo yalitosha. Ilipofika saa kumi na moja jioni, duara lilikuwa na watu watatu: yeye, mkewe, na mimi mwalimu wao.

"Labda tukutane kwako, Mwalimu," mkewe akasema, machozi yakimlengalenga. "Mara moja tu."

Nikakubali mara moja tu. Ilikwenda miaka mitatu, kila Alhamisi.

Watu walikuja, sikatai. Kwangu hakuna geti. Alikuja yule mzee wa reli. Alikuja fundi cherehani wa jirani na mkewe, wakaja vijana wawili wa chuo waliotaka kusikiliza Kiingereza, akaja mama mmoja ambaye alikuwa amegombana na kwaya ya kanisa lake na alihitaji mahali pa kuimba kwa nguvu. Niliwapikia chai yenye mdalasini kutoka mlimani na viazi vitamu. Picha ya Moyo Mtakatifu ilibaki ukutani ilipokuwa siku zote. Mmisionari aliniuliza kwa upole kama tungeweza kuishusha siku za Alhamisi. Nikamjibu, kwa upole vilevile, kwamba msumari umeota kutu.

Alisisitiza kwamba kanisa hili halina kiongozi. "Mimi si mchungaji, mimi ni ndugu tu," alisema kila wiki. Watu wakamwitikia, "Sawa, Mchungaji," wakamsubiri aanze.

Alikuwa pia na mchoro. Nyumba moja ikifikisha watu kumi na wawili inagawanyika kuwa nyumba mbili, mbili zinakuwa nne, na kwa hesabu ya mchoro ule mkoa mzima wa Morogoro ungekuwa umekwisha kabla hatujamaliza somo la ngeli. Tulipofika kumi na wawili akatangaza kwa furaha kwamba nusu yetu Alhamisi inayofuata waende kwa mzee wa reli. Alhamisi iliyofuata wote kumi na wawili walikuja kwangu, akiwemo mzee wa reli, aliyesema amesahau ufunguo.

Sasa nimlete jirani yangu. Ukuta wa jiko lake na wangu umetenganishwa na njia ya mtu mmoja. Yeye ni Mwislamu, mumewe alifanya kazi mashamba ya miwa hadi alipostaafu, na sisi wawili tumeazimana vyombo kwa miaka ishirini hadi hatujui tena mwiko upi ni wa nani. Siku nyingi za Alhamisi alipita kwangu kuchukua sufuria au kuleta sahani ya vitumbua. Akikuta watu anasalimia, anakaa kidogo kwenye kochi la karibu na mlango, anakunywa chai, anacheka na mama wa kwaya, anaondoka. Mmisionari alimfurahia sana. Nilidhani anafurahia vitumbua.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha wakaja wageni wanane kutoka kanisa lililowatuma. Walivaa fulana za kijani zinazofanana, zenye ramani ya Afrika kifuani, bila shaka ili wakipotea warudishwe bara sahihi. Waliingia sebuleni kwangu, na kabla sijasema karibuni, mama mmoja mnene mwenye mvi akanikumbatia akaanza kulia.

"Tumekuombea miaka miwili," akaniambia. "Kila Jumatano."

"Asante sana," nikamwambia. Nilijiuliza kama nina ugonjwa ambao daktari amenificha.

Kila mtu alikuwepo Alhamisi ile. Jirani yangu naye alikuwepo, sufuria langu kubwa la pilau magotini, kwa sababu alikuwa amelirudisha akaona wageni akataka kuwatazama. Kiongozi wa wageni, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, alisimama kusema maneno machache. Mimi, kama kawaida, nikasimama pembeni yake kutafsiri.

Akatoa simu, akasema atasoma kipande cha barua iliyowagusa sana huko kwao. Akasoma sentensi moja, nikaitafsiri.

"Anasema, kulikuwa na mwanamke mmoja, mwalimu, aliyeishi maisha yake yote katika dini ya mazoea, bila kumjua Kristo."

"Maskini," akasema mzee wa reli.

"Siku moja akafungua mlango wa nyumba yake, na mlango wa moyo wake pia. Leo ametoka gizani, na nyumba yake imekuwa kanisa."

"Yuko mtaa gani huyo?" akauliza mama wa kwaya.

"Ni mimi," nikasema.

Jirani yangu akaangua kicheko hadi kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni. "Wewe? Wewe uliyetoka gizani? Wewe unayetuamsha kwa rozari saa kumi na moja alfajiri, hata jogoo wangu anakusubiri?" Sebule nzima ikacheka. Wageni nao wakacheka, wakidhani ni furaha ya wokovu. Mmisionari peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia chai yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

Na mimi nilicheka, nakiri. Nikamwambia mzee mwenye ndevu, endelea. Ilikuwa inanifurahisha kujua nimefika wapi kiroho. Naye akaendelea kusoma, na mimi nikatafsiri neno la kwanza, la pili, kisha nikanyamaza.

"Anasemaje?" jirani yangu akauliza, bado anafuta machozi ya kicheko.

Sikutaka kusema. Kijana mmoja wa chuo, aliyeelewa Kiingereza, akasema kabla sijamzuia: "Anasema yupo pia jirani yake Mwislamu, anayekuja kwa siri kila wiki kwa sababu ana kiu ya Yesu. Anasema wamwombee familia yake isijue."

Jirani yangu hakupaza sauti. Aliangalia mlango wangu, ule anaoingilia miaka yote akipiga hodi mpaka mtaa wa pili unasikia. Aliokota kifuniko, akaliweka sufuria mezani, akajifunga vizuri mtandio wake. "Siri," alisema. Akatoka.

Baada ya wageni kuondoka niliwaketisha wale wawili kwenye meza yangu ya chakula, ile ya masomo. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu niachane na darasa la wanafunzi tisini na kabati la vitabu thelathini. Yule mke alikuwa analia. Hakuwa ameisoma barua kabla haijatumwa.

"Niliandika tu kwamba umefungua nyumba yako," mume alijitetea. "Wao huko wanataka kusikia… wanataka kusikia habari."

"Za kwangu nitacheka," nikamwambia. "Nitakwenda mbinguni mara mbili, si neno. Lakini yule ana mume, ana kaka zake, ana wanawake anaoswali nao. Umemwandika kama mtu anayewadanganya nyumbani kwake. Amekuja kuchukua sufuria!"

Akauliza, kwa Kiswahili, "Nifanye nini, Mwalimu?"

"Utakwenda kwake. Na sitatafsiri."

Tulikwenda kesho yake. Mimi nilisimama uani karibu na kamba ya nguo. Mume wa jirani yangu, mzee mkubwa mwenye mikono iliyochanwa na miwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkewe nyuma yake. Mmisionari alisema shikamoo kwanza, akasubiri, akapata marahaba yake kwa kuchelewa. Akasimama na viatu vyake vya mlima, jasho linamtoka.

"Nimekosa," akasema. "Niliandika uongo kuhusu mama. Yeye ni jirani mzuri. Naomba radhi, baba. Naomba radhi, mama."

Sentensi fupi, ngeli zote sahihi. Nilijisikia fahari bila kutaka.

Yule mzee akafikiri. "Sisi umetuomba radhi. Na wale waliosoma barua, nao watajuaje?"

Usiku huohuo mwanafunzi wangu, mkewe akiwa amekaa kando yake, aliandika barua nyingine. Aliniletea asubuhi, nikaipitia kwa kalamu nyekundu. Nilikata "mwanamke anayetafuta", nikakata "safari yake ya kiroho", nikakata vivumishi vyote vilivyobaki. Ilipokwisha ilikuwa inasema kwamba mwalimu ni Mkristo tangu utoto na alikuwa akisoma Biblia na majirani zake kabla wao hawajafika, kwamba jirani yake ni Mwislamu anayeridhika na dini yake, na kwamba mwandishi alikosea na amewaomba msamaha. Aliituma mbele yangu. Baadaye mkewe aliniambia kwamba barua zilizotangulia zilijibiwa na watu wengi, na hiyo ilijibiwa na mmoja, yule mama mnene mwenye mvi, aliyeuliza kama bado anaruhusiwa kuniombea.

Nilimruhusu.

Jirani yangu alikaa wiki sita bila kukanyaga kwangu siku ya Alhamisi. Siku nyingine alikuja, lakini jikoni, na hakukaa. Sikumsukuma. Halafu Alhamisi moja nikasikia hodi, hodi ya kuvunja kuta, akaingia na sahani ya vitumbua akaipitisha kwa kila mtu. Alipofika kwa mmisionari akamwambia, "Kula, lakini usiandike." Akala, masikio yamemwiva.

Wale wawili waliondoka mwaka uliofuata, muda wao ulipokwisha. Mchoro waliuacha. Kanisa lisilo na kiongozi likapata nafasi ya kuonyesha kama kweli halikuwa naye. Vijana wa chuo walihitimu, mama wa kwaya akapatana na kwaya, fundi na mkewe wakahama. Nilidhani limekufa, nikaanza kupanga kufua mapazia siku za Alhamisi. Lakini mzee wa reli aliendelea kuja, akaja na dada yake, dada akaja na wapangaji wake.

Paroko aliposikia, alinisimamisha baada ya misa ya kwanza. "Mwalimu, naambiwa umefungua kanisa lako."

"Sijalifungua, Baba," nikamjibu. "Nimeshindwa kulifunga."

Alicheka, akasema atakuja siku moja. Bado hajaja. Sikumwambia jambo jingine, ambalo sikumwambia hata mmisionari, kwa kuwa lingeonekana zuri mno kwenye barua: kabla ya Alhamisi hizo, tangu mume wangu afariki na watoto waende Dar, sebule ile ilikuwa na luninga tu inayoongea.

Alhamisi iliyopita mvua ilishuka mlimani tangu mchana na walifika watatu. Mzee wa reli alisoma Injili bila miwani, akaruka mistari aliyotaka kuruka. Tulikula magimbi ya kuchemsha. Kisha wakaniwekea mikono, wakaliombea goti langu la kushoto kwa imani kubwa na kwa muda mrefu.

Goti bado linauma. Wamesema watarudi kuliombea Alhamisi hii.