Mwaka wa Kupima Kungoja

Mwaka ambao baba alianza kushindwa kupanda kilima cha nyumbani kwa miguu yake, mimi nilikuwa namalizia shahada ya uzamili, na kazi niliyojitwisha ilikuwa kupima semafori. Watu wa kijijini kwetu Nkoaranga wakiniuliza nasomea nini, nilijibu kompyuta na kwenda zangu. Ukianza kueleza, utalala njiani.

Baba peke yake ndiye aliyedai maelezo. Nikamwambia kwamba ndani ya kompyuta kuna kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja, na mara nyingine zinataka kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Semafori ni ruhusa. Mwenye nayo anapita, wengine wanangoja mpaka aiachie. Mimi napima ruhusa hiyo inachukua muda gani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwenye mfumo wa Windows na kwenye ule wa Linux, kwenye mashine ya mezani, kwenye laptopu, na kwenye kile kikompyuta kinachoenea kiganjani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mfereji wetu wa maji una zamu tangu enzi za babu yake na hakuna aliyepewa shahada kwa hilo. Tangu siku hiyo akawa ananitania kwamba amepalilia kahawa miaka yote ili binti yake akasomee kungoja.

Nilikuwa nimepanga chumba mjini, Sekei, na vipimo vingi nilivifanyia huko. Laptopu nilipanda nayo nyumbani kumuuguza baba, ikiwa imebakiza vipimo vya Linux tu, maana daktari alikuwa ametuita mimi na mama pembeni, akatuambia kwa maneno ya kuzunguka kwamba tusipange mambo ya mwakani. Mama alielewa kabla yangu. Mimi nilitoka pale na wazo moja: nikiwahi kukabidhi tasnifu mwezi ule, nitavaa joho mwaka huu huu na baba atakuwepo. Nikichelewa, ni mwakani. Sikuwa nataka kitu kingine duniani, nilitaka baba anione.

Kupima jambo hili si kubonyeza mara moja ukasoma jibu. Programu inaachwa izunguke mchana kutwa bila kuguswa. Niliiacha laptopu sebuleni, nikaenda kumgeuza baba, kumchemshia uji, kukata majani ya ng'ombe. Jioni nasoma namba, nami nashangaa. Linux, ambayo kila mtu aliitarajia iongoze, ilikuwa inajikokota nyuma ya Windows niliyoipima Sekei kwenye laptopu hiyo hiyo. Nikaandika sura nzima kueleza kwa nini. Msimamizi wangu akaisifu, akasema inaleta jambo jipya. Loo, nilijiona kweli kweli.

Sasa, huku kwetu mawingu yakishuka kutoka mlimani, kila mama anajua la kufanya. Umeme ukikatika kwa radi hurudi na nguvu ya kuunguza vitu, kwa hiyo televisheni inachomolewa, friji inachomolewa, hata chaja ya simu. Hakuna anayemwagiza mwenzake. Mchana mmoja nilirudi mapema kutoka shambani, nikamkuta mama ameukunja waya wa laptopu vizuri na kuufunika kwa kitambaa cha meza.

Nikamuuliza ameanza lini kuuchomoa.

"Tangu uilete hiyo mashine," akasema. "Mawingu yakishuka nachomoa, yakipita narudisha. Ningeiacha iungue?"

Nikakaa chini. Laptopu ikikosa umeme wa ukutani hujibana, inapunguza kasi yake ili betri idumu. Namba zangu zote za Linux zilikuwa mchanganyiko, nyingine za umeme, nyingine za betri, na sikuwa na njia ya kujua ipi ni ipi. Ile sura iliyosifiwa ilikuwa inaeleza mawingu ya Meru.

Mimi nina hasira za karibu. Nilisema maneno, tena mengi, na mama akaufunua waya, akaanza kuukunjua. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama ameniharibia. Mungu wangu! Nikamwambia hapana, mama, hujaniharibia, nikatoka nje kulia migombani.

Huko migombani nikaanza kuyapanga. Msimamizi ameshapitisha. Mtahini atasoma majedwali, hatapanda Nkoaranga kuuliza habari za mvua. Kurudia vipimo na kuandika sura upya kusingewahi mwezi ule kwa namna yoyote. Nikaona ni heri ninyamaze, funika kombe mwanaharamu apite.

Nikaingia kumpa baba dawa. Alikuwa amesikia kelele zangu zote, nyumba yetu ni ya mbao. Akataka kujua, nikamweleza yote, hata la joho. Maneno ya daktari sikuyagusa, lakini aliyajua kuliko sisi.

"Nani mwingine anajua kwamba hizo namba si za kweli?"

"Hakuna, baba. Mimi na wewe."

"Basi tumeshakuwa wengi." Akapumzika, pumzi zilikuwa zinamwishia. "Rudia, mwanangu."

Nikamwambia nataka awepo. Nilisema hivyo hivyo, kikombe mkononi, machozi yananitoka. Akasema naye anataka, tena sana, ila nisimfanye yeye kuwa sababu.

Nikarudia. Safari hii nilikaa na mashine mwenyewe, na mama akawa mlinzi wa mlima, anakuja mlangoni na kusema tu kwamba mawingu yameshuka, nami nasimamisha kila kitu na kuanza upya yakipita. Baba tulimzika kando ya kahawa yake kabla sijafika nusu. Tulipoanua matanga nikaendelea. Mwishowe Linux ikapita mbele kama kila mtu alivyotarajia. Hapakuwa na jambo jipya lolote, na msimamizi aliipitisha sura mpya bila neno.

Mwaka uliofuata nikavaa joho. Mama alikuja peke yake, na kitenge kipya. Ukumbi ulikuwa umefurika, watu wamesimama hadi ukutani. Mstari wetu ulipopita karibu naye, nilimwona amekaa kiti kimoja, na cha pembeni ameweka mkoba wake. Mzee mmoja mwenye suti akainama, akamuuliza kwa adabu kama kile kiti kina mtu.

"Kina mwenyewe," mama akamjibu, akauweka mkoba vizuri.