Mkate Uliomfuata Aijarkyn

Aijarkyn alikuwa hajaosha nywele tangu mitihani ianze. Katika bweni lao pale Bishkek hakuna aliyeshangaa, maana kila mwanafunzi anajua kwamba ukiosha kichwa wakati wa mitihani unamwaga na masomo. Alibakiwa na mtihani mmoja tu, wa kemia. Akifaulu, mchana huohuo anapanda gari la jirani yao Sagynbek kwenda Naryn, kwao, kabla theluji haijafunga njia ya mlimani. Akifeli, ataurudia katikati ya likizo, na likizo yenyewe ataila bwenini pamoja na mende.

Masomo alikuwa ameyashika, si haba. Kilichomvuruga ni mzigo aliouleta Sagynbek jioni ya kuamkia mtihani. Aliufungua kwa pupa pamoja na Perizat, mwenzake wa chumbani, binti wa mji wa Osh asiyejua kufunga mdomo. Ndani mlikuwa na nyama ya farasi, mfuko wa jibini kavu, na chini kabisa mfuko mwingine wenye mkate mkavu ulioumwa upande mmoja. Aijarkyn aliyatambua meno hayo. Yalikuwa yake.

Siku alipoondoka nyumbani, mwezi wa Septemba, mama yake alimpa mkate auume mara moja tu, kama anavyofanyiwa kila msafiri, kisha akautundika ukutani. Mkate humngoja mwenyewe arudi aumalize, na maadamu unangoja, atarudi. Sasa huu badala ya kungoja umefunga safari ukamfuata.

Akapiga simu nyumbani mbio. Kumbe ni wifi yake, bibi harusi wa majuzi, ndiye aliyeambiwa afungashe. Mifuko miwili, wa jibini na wa mkate, ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja, naye kwa kuwahi gari akaibeba yote bila kuichungulia. Mama mtu alikuwa akicheka huku analia, na wifi alisikika kwa nyuma akiomba radhi.

"Basi ndo umeshafika," Perizat akamwambia. "Ule tu, uwe mtu wa Bishkek moja kwa moja. Na mume tutakutafutia."

"Nyamaza, nisije nikakurushia mkate huu."

"Usinirushie, shoga, utaning'oa meno."

Aijarkyn alicheka, lakini usingizi ulimpaa. Aliona aibu, msomi wa kemia mzima, kuogopa kipande cha mkate. Aliogopa vilevile.

Asubuhi chai ilimmwagikia sketini na kiatu kimoja kikapotea uvunguni. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, Perizat akamkumbusha huku akimsukuma nje.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mdomo. Karatasi za maswali zinalazwa mezani kifudifudi, unaokota moja, unajiandaa, kisha unakwenda kumkabili mwalimu. Mwalimu wao, mama wa makamo waliyemwita Apai kama wanavyoitwa walimu wote wa kike, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Aijarkyn aliokota swali la asidi, jambo analolijua kama jina la mama yake. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Unaumwa?" Apai akamuuliza.

"Hapana, Apai. Mkate wangu umekuja huku."

Alitamani aumeze ulimi wake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaeleza yote, tangu msumari hadi wifi. Wenzake nyuma wakachekea viganjani. Apai hakucheka. Aliiweka kalamu chini.

"Wa kwangu uko jikoni," akasema polepole. "Wa mwanangu. Yuko Moscow kazini, mwaka wa nne huu. Umekuwa jiwe. Hata akija, sijui ataulaje." Akaishika tena kalamu. "Haya. Kwa mkate sikupi hata alama moja. Niambie, asidi ni nini?"

Sauti ikarudi. Aijarkyn alimwaga asidi zote za dunia mpaka Apai akamwinulia mkono kwamba yatosha. Akampa nne, na ya juu kabisa ni tano.

"Usiule njiani," Apai alimwambia Aijarkyn alipokuwa akitoka. "Ukautundike kwanza."

Njia ya mlimani waliipita theluji ikianguka, mkate ukiwa mapajani. Kule Naryn mama aliupokea mkate kabla ya kumkumbatia mwanawe, akaurudisha msumarini, kisha akautungua kwa heshima zote kana kwamba haukuwahi kutoka. Wifi alikuwa amejificha nyuma ya jiko. Aijarkyn akamvuta akamkalisha ubavuni pake. Akauchovya mkate katika chai ya maziwa, kipande baada ya kipande, akaula mpaka chembe ya mwisho. Alikuwa na furaha hata akasahau kichwa kinavyomwasha.

Mama akamwita, maji ya kuoshea nywele yalikuwa tayari. Akaomba angoje kidogo, akachukua simu na kuandika:

"Apai, nimefika. Mkate ulikuwa jiwe kweli, lakini kwenye chai ya moto unalainika. Huo wako usiutungue."