Mgonjwa Asiyekohoa

Nephtali alikuwa mvuvi wa maporomoko ya Wagenia, mtu wa kupanda miti iliyosimikwa katikati ya maji makali na kufunga migono ya kunasia samaki kwa kamba za porini. Mgongo ulipoanza kumuuma, yeye na mkewe Clothilde walisema ni kazi. Shingo ikatoka vinundu. Tumbo likavimba, mwili ukakonda, homa ikawa haibanduki. Lakini hakukohoa hata mara moja, na hilo ndilo lililowapoteza.

"Hii haiko ugonjwa ya Mungu," kaka yake Émile alisema mbele ya jamaa wote. "Clothilde, ulimupa nini mu chakula?"

Clothilde alimtazama mumewe, akitegemea neno moja tu. Nephtali akageuzia uso ukutani.

Siku ileile Clothilde akarudishwa kwao Yanonge kwa mtumbwi. Miezi miwili alikausha samaki na mama yake, bila kumwambia mtu kilichomuuma. Si zile shutuma. Ni ule uso.

Kisha Émile akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Belle-sœur, shemeji yangu, docteur anasema iko kifua kikuu. Imeingia mu mifupa ya mugongo, mu tumbo, mu maini. Sasa imepanda kichwa."

"Mbona hakohoe?"

"Anasema haikai mu kifua tu. Bon... tulimupeleka kwa maombi, kwa docteur tulichelewa. Unisamehe."

Clothilde akaingia ndani. Alifunga nguo zake.

Hospitalini Nephtali alikuwa ameshaanza dawa, ila macho yake yalimpita mkewe kama hayupo. Halafu akatabasamu.

"Fanny, umekuja."

Fanny alikuwa dada yake, aliyefariki zamani. Clothilde alikuja na maneno ya miezi miwili yamemjaa kooni. Akayameza.

"Ndiyo. Nimekuja."

Siku tisa alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akiitikia jina la marehemu. Siku ya kumi Nephtali akamshika mkono.

"Fanny, bibi yangu Clothilde walimufukuza, na mimi nikanyamaza. Nilijua iko uongo. Umuambie."

"Nitamuambia," alisema Clothilde.

Nephtali akafa asubuhi iliyofuata. Msibani jamaa walimwachia Clothilde mkeka wa mjane, wakamwomba msamaha mmoja mmoja. Aliwapa wote mkono. Walipotaka kujua mumewe alisema nini mwishoni, akasema Nephtali hakuwa na nguvu za kusema.