Bastola Sandukuni mwa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kitu chochote kilichoingia nyumbani mwetu alikipima kwa utepe kabla ya kutoa maoni. Kitanda alikipima, sufuria la harusi alilipima, na mimi mwenyewe alinipima gauni mara mbili kabla ya kuniposa, ingawa gauni lenyewe lilikuwa moja. Kwa hiyo siku jirani yetu alipoweka bastola mbili juu ya meza yetu ya kulia, sikushangaa kumwona mume wangu akivua utepe shingoni na kuanza kazi.

Jirani huyo alikuwa mwanajeshi mstaafu. Cheo chake cha mwisho jeshini kilikuwa ajida, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, ajida, hata watoto waliomwibia mapapai. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye viatu vinavyong'aa msimu wa mvua wakati sisi wengine tulitembea na matope mpaka magotini.

Vita vilikuwa vimeshuka milimani mpaka karibu na mashamba ya michikichi. Barabara ya Bujumbura ilifunguliwa leo, ikafungwa kesho. Kila wiki familia moja ya mji wetu, Rumonge, kando ya ziwa, ilifunga mlango, ikabeba godoro na kuku, ikapanda mtumbwi wa injini kwenda Kigoma. Mume wangu alikuwa ameshasema neno lake, tena mbele ya mama yake ili lisirudi nyuma: tukipata silaha ya kufaa, tunabaki, tusipopata, tunavuka.

Mimi habari ya kuvuka sikutaka kuisikia. Baba yangu alivuka nikiwa mgongoni mwa mama, katika vurugu za zamani, akiamini atakaa ng'ambo mpaka mambo yatulie. Aliporudi nilikuwa msichana wa kuolewa. Michikichi aliyoipanda kwa mkono wake ilikuwa inavunwa na mtu mwingine, na mtu huyo alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti. Kilikuwa kiti kile kile alichokiacha baba. Baba alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Mpaka anakufa aliishi katika nyumba ya kupanga, na sikuwahi kumsikia akilitaja shamba lile. Mimi nilikuwa na nyumba yangu, ua wangu, na mashine yangu ya kukamulia mawese nyuma ya jiko. Nani angenitoa?

Basi niliziangalia zile bastola kama mtu anayeangalia wachumba. Moja ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni. Nyingine ilikuwa kubwa, bastola kamili, nyeusi, ndefu kuliko kiganja cha mume wangu pamoja na vidole vyake.

Mume wangu alipenda ile ndogo. Aliigeuza, akaipima, akasema kwa sauti ya mteja anayejua mali: "Hii iko muzuri. Iko mwepesi. Ile ingine iko kama pasi ya makaa."

"Ndiyo uzuri wake," ajida akasema. "Kidogo inaruka mukononi. Unapiga mulango, inapiga paa. Kubwa inatulia. Na tena, mwizi akiona kidogo, anacheka. Akiona kubwa, anakumbuka mama yake."

Mama mkwe wangu alikuwa pembeni juu ya kigoda chake, akichambua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili wa Rumonge, na sikio lake moja lilisikia yale tu aliyoyataka. "Yote mbili iko mubaya," akasema, akatupa jiwe nje.

Ajida hakuwa mtu wa kumuuzia jirani kitu kisichojaribiwa. Alituachia ile kubwa, akatuambia tukaijaribu asubuhi inayofuata kwenye shimo la zamani la matofali, mahali penye ukuta mrefu wa udongo nyuma yake. Ikikubali, ni yetu.

Jioni hiyo mume wangu aliona vyema kuipaka mafuta. Mashine za chuma alizijua, alisema. Cherehani isipopakwa inakata uzi. Lakini kile kikopo chake cha mafuta ya cherehani, kilichokuwa kinatoka Bujumbura, kilikuwa kimekwisha, na barabara ilikuwa imefungwa. Sasa mtu wa Rumonge akikosa mafuta anafanya nini? Huku kwetu mawese ndiyo dawa ya kila jambo. Bawaba ikilia, mawese. Mtoto akipauka, mawese. Nilimwona akichota katika mtungi wangu kwa kijiko, akaimiminia bastola vizuri, ndani na nje, kama anayeunga mboga. Nami sikuona kosa. Nilimwambia tu asinimalizie.

Kulipokucha mvua ilikuwa imenyesha na kuna ubaridi. Tulikwenda shimoni sisi wanne, kwa kuwa mama mkwe alikataa kubaki, akaja na kigoda chake. Ajida aliweka bidoni kuukuu, dumu la mafuta, mbele ya ukuta wa udongo, akapiga yeye kwanza kwa ile ndogo yake. Mlio ule! Bidoni liliruka. Kisha ikawa zamu ya mume wangu na ile kubwa. Mume wangu akasimama kama alivyoelekezwa, akafumba macho yote mawili, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

Ajida aliichukua, akaifungua kwa shida, akaingiza kidole. Kikatoka na kitu cha rangi ya chungwa, kizito kama sabuni ya kufulia. Alikinusa. Sijamwona mwanajeshi akihuzunika namna ile.

"Munaweka mawese?"

"Ilikuwa kavu," mume wangu akasema.

"Mawese inaganda! Kila asubuhi muke wako anaweka chupa pembeni ya moto ndiyo imwagike, hauoni? Pistole hauwezi kuiweka pembeni ya moto!"

Alieleza kwa urefu, huku akiisafisha kwa mafuta ya taa: mawese yakiingia humo na ubaridi ukaja, silaha inakuwa jiwe. Inaonekana nzima, inang'aa hata, lakini hailii. Mama mkwe alisogeza kigoda chake karibu asikie vizuri. Nilidhani anamcheka mwanawe.

Tuliporudi mtaani hatukukuta mtu. Risasi moja ya ajida ilikuwa imeondoa watu wote. Sokoni ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zimeachwa juu ya mikeka, chungu cha mtu kinaungua, na pwani kuna foleni ya magodoro ikigombania mitumbwi. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alikuja kwetu amevaa kiatu kimoja. Alimtukana ajida, akamtukana mume wangu, akataka kunitukana na mimi nikamwangalia, akaacha. Alisema tukitaka kurudia mchezo huo, tumwambie kwanza atangaze.

Akatangaza. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mara ya pili mtaa mzima ulikuja shimoni na vigoda na karanga. Akina mama walioacha vyungu safari ile sasa walikaa mbele kabisa. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu bastola. Mmoja alisema ni kubwa mno kwa nyumba ya vyumba vitatu.

Mume wangu alijaribu. Mkono wake ulikuwa mkono wa sindano, na kidole chake kilifika pale pa kuvutia kwa kujinyoosha mno. Risasi ilikwenda mawinguni, naye akakaa chini bila kukusudia. Watu walishangilia. Akapiga tena, bidoni likakaa pale pale, zima, likimtazama.

"Basi," akasema, akifuta matope. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Haifai. Tutavuka."

Nilimwona baba yangu amekaa juu ya kile kiti. Sikufikiri, nilifunga kitenge vizuri kiunoni, nikanyoosha mkono. "Leta hapa."

Mimi nilikuwa nazungusha ule mti wa mashine ya mawese tangu nilipoolewa. Mikono yangu mume wangu aliishonea nguo kwa kuongeza kitambaa. Bastola ile ilinikaa kiganjani kama mpini wa jembe langu mwenyewe, na uzito wake haukunisumbua hata kidogo. Ajida akanisogeza bega, akaniambia nisishike pumzi kwa hasira. Nikavuta. Bidoni likaanguka. Wakalisimamisha, nikaliangusha tena. Mara ya tatu nililitoboa kwenye kizibo, na hilo sikulikusudia, lakini nani aliuliza?

Kelele za siku ile nazisikia mpaka leo. Ajida alivua kofia. "Hii silaha iko ya mama wa batoto," akamwambia mume wangu. "Wewe utashika taa."

Nilimtazama mume wangu nikiogopa kwamba ataona aibu mbele za watu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nilisema ikifaa tunabaki," akasema. "Sikusema imufae nani." Nilimpenda sana siku hiyo, na nilimwambia.

Ni mama mkwe peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Alipofika nyumbani alitoa amri moja: kitu kile hakitakaa mahali ambapo watoto wanafika. Kitakaa sandukuni mwake, chini ya vitenge vyake vya harusi, na atakitunza mwenyewe. Tuliona ni busara, maana sanduku lile hata panya walikuwa wanaliheshimu. Mazoezi hatukufanya tena. Risasi zilikuwa chache, na shefu wa kartie alisema moyo wake hauwezi. Kila Ijumaa baada ya kuoga, mama mkwe alijifungia chumbani na kitambaa, akaifuta. Ilikuwa inang'aa kuliko viatu vya ajida.

Tukalala usingizi. Hilo watu hawalielewi ninapowaeleza: katika miaka ile, risasi zikilia kule milimani, nililala. Majirani walikuwa wanalala mashambani chini ya michikichi, na mvua inawanyeshea. Mimi nilikuwa kitandani kwangu, nakoroma, mume wangu ndiye shahidi.

Walikuja asubuhi moja ya ubaridi. Wanaume wenye bunduki walishuka kwa njia ya mashambani, wakaingia ua wa kwanza, wakatoka na mbuzi, wakaja kwetu. Hatukujua ni wa upande gani, na siku zile swali hilo lilikuwa halina faida kubwa. Mume wangu aliwalaza watoto chini ya kitanda, akalala juu yao. Mimi nikakimbilia sandukuni, nikatupa vitenge, nikaja nayo dirishani, nikaiegemeza kwenye kizingiti kama ajida alivyonifundisha. Nilikuwa tayari. Nasema kweli, nilikuwa nimeshamchagua wa kwanza.

Wakati huo huo mama mkwe aliinuka, akabeba kigoda chake na ungo wake wa maharage, akaenda kukaa katikati ya mlango wazi.

"Mama, rudi ndani!" nikasema. Sikio lake halikusikia.

Kiongozi wao akasimama. Aliona bastola, akaniona mimi nyuma yake. Akamwangalia yule bibi kizee mfupi mlangoni, na ungo magotini.

"Amahoro, mama," akasema, akimsalimu kwa amani.

"Amahoro. Maji iko. Chakula haiko."

Walikunywa maji kwa zamu, katika kikombe chetu cha bati. Kiongozi akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema murakoze, yaani asante, na macho yake hayakuondoka dirishani mpaka alipofika njiani. Walipopotea, nilikaa chini nikacheka na kulia pamoja. Mume wangu alitoka na utando wa buibui kichwani. Mtaa mzima ulisema ni bastola ile kubwa iliyookoa nyumba, na ajida hakuwakatalia.

Vita vilipokwisha, serikali ilitangaza kwamba raia warudishe silaha. Nilikwenda mwenyewe, nimevaa vizuri, ajida pembeni yangu kama mzazi wa bibi harusi. Kijana aliyekuwa anapokea alijaribu kuifungua, ikagoma. Akaigongagonga mezani, ikagoma. Akachukua kijiti, akachokonoa, na humo ndani kikaanza kutoka kitu cha rangi ya chungwa, tabaka juu ya tabaka, kigumu kama sabuni.

Alikinusa. "Mama," akaniuliza, "hii mulikuwa munaikaanga?"

Ajida alinigeukia. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kwenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa uani, juu ya kigoda, na ungo wake. Aliniona uso, akajua.

"Kila Ijumaa," akasema kabla sijauliza. "Kijiko kimoja. Ya mutungi yako."

"Mama! Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa na mukono muzuri sana. Angekuwa mutoto wangu ndiye anapiga, ningeiacha tu, hangepiga hata nyumba. Lakini wewe ungeua mutoto wa mutu, halafu ungelala wapi na hiyo?"

Mume wangu, aliyekuwa anasikia kutoka kwenye cherehani yake, aliangusha mkasi kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naliona lile dirisha, na mimi nyuma yake nimeshika chuma kilichoganda, nimeshamchagua wa kwanza.

"Na siku ile?" nikamuuliza. "Ulijua kwamba haipigi. Kama wangeingia, je?"

Alichagua jiwe kwenye maharage, akaliangalia, akalitupa.

"Ndiyo sababu nilikaa mulangoni," akasema.