Minazi Kwenye Milima ya Usambara

Juzi nilipita Kariakoo, upande wa Msimbazi, nikasimama mbele ya ghorofa la maduka ya simu nikiwa nimeduwaa. Hapo ndipo ilipokuwa studio ya picha ya utoto wangu. Mimi niliyerudi Bongo na stashahada ya utalii, niliyoisomea Dubai huku nikiosha vyombo hotelini, bila kubebwa na mtu, na leo nina kampuni yangu ya kutembeza wageni, nakuambia ndugu yangu: safari zangu zote zilianzia pale.

Siku ya Idd, tukishashiba pilau, mtaa mzima ulikwenda kupiga picha. Chumba kilinukia marashi na rangi, feni ikikoroma darini. Mpiga picha alikuwa na mapazia matatu aliyoyachora mwenyewe: msitu wenye maporomoko, ufukwe, na milima ya Usambara. Unachagua unakotaka kusafiri, unasimama, unacheka.

Mwaka mmoja bibi yangu alichagua milima. Alizaliwa huko, akaolewa mjini, hakurudi tena. Alitaka walau picha akiwa kwao. Akalitazama pazia, akaguna.

"Mwanangu, minazi kileleni umeiona wapi?"

"Bibi, wateja wanaipenda."

"Basi wapeleke pwani. Kwetu hakuna mnazi. Sipigi picha."

Nilikaribia kulia. Gauni langu jipya lilikuwa bado safi, na aiskrimu ilishaanza kunichuruzikia mkononi. Nyuma yetu mtu akapaza sauti.

"Bibi, tupishe sisi twende ufukweni, jua linazama!"

"Tulieni, bahari haihami!" bibi akajibu bila kugeuka.

Foleni ikaangua kicheko. Mpiga picha naye akacheka, akachukua brashi na rangi nyeupe, akaifunika minazi yote kwa ukungu. Bibi akatazama tena. Kisha akavua ndala kabla ya kusogea, na katika joto lile la Kariakoo akajifunika kanga mabegani, akaikaza.

"Njoo karibu," akaninong'oneza. "Asubuhi huku baridi."

Sasa nawapeleka wageni Lushoto, msitu wa Amani na fukwe za Pangani, na hakuna anayezijua njia zile kama mimi. Wanapiga picha kwa simu, jioni wanazifuta. Mapazia yale sijui yaliozea wapi. Bibi alifariki bila kuiona tena milima, ndivyo wasemavyo ndugu. Mimi nakataa. Kabla taa haijamulika niliushika mkono wake, nao ulikuwa wa baridi kweli.